Siku Nne Katika Gari-Nyumba la Lakhbir

Nyumba Na. 64, Ghorofa ya Kumi na Moja,
Ladywood,
Birmingham.

Jumapili, 9 Septemba 2018.

Mpendwa Mjomba Mwakio,

Shikamoo, Mjomba. Umeamkaje huko Wundanyi? Goti lako linasemaje baada ya baridi yote ile ya Julai na Agosti? Mkamburi alinitumia picha yako ukiwa umeketi nje ya nyumba, miguu imefunikwa blanketi, na Shangazi Wawuda amesimama nyuma yako kama askari wa zamu. Nilifurahi sana. Umekonda kidogo, lakini uso ni uleule.

Mimi ni mzima wa afya. Kazi za wodini ni nyingi na wauguzi ni wachache, lakini namshukuru Mungu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu haitusaidii tena. Mara ya mwisho nilikuuliza kuhusu daktari wa masikio, ukanijibu kwamba mbuzi wawili wamezaa. Shangazi alicheka mpaka laini ikakatika.

Poleni sana kwa kuondokewa na Mzee Mwanyumba. Najua mlianza kazi ya askari wa wanyama siku moja pale Tsavo, na mkastaafu mwaka mmoja. Mungu amlaze pema, na akutie nguvu wewe uliyebaki.

Sasa nije kwenye swali lako la mwezi wa sita. Uliniuliza kama Uingereza kuna pori lililobaki, au kila mahali ni nyumba tu. Swali hilo lilinitia aibu. Nimekaa hapa miaka tisa, na nilichokijua ni njia ya kutoka Ladywood hadi hospitali kule Edgbaston, kanisa, na soko. Dirisha langu linaona mfereji wa maji, paa za watu na winchi za majengo mapya. Lakini tangu mwisho wa mwezi uliopita ninalo la kukujibu, na aliyeniwezesha ni mwanamke mmoja anayeitwa Lakhbir Kaur.

Nikueleze huyu ni nani. Lakhbir ni Kalasinga, ana miaka sitini na mitatu, mfupi, mnene kidogo, na anatembea kama mtu anayechelewa gari moshi. Alikuwa akigawa chakula kwenye wodi yetu kwa miaka ishirini na miwili hadi alipostaafu. Nilipofika hapa 2009, nikiwa na koti la kuazima, alinikuta nikiongea na nyumbani kwa simu ukumbini. Alisubiri nimalize, kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Wewe natoka wapi? Mimi nazaliwa Voi."

Nusura simu inianguke. Baba yake alikuwa fundi wa reli pale Voi, na walihama yeye akiwa na miaka kumi na mbili. Kwa hiyo Kiswahili chake kilibaki cha mtoto wa miaka kumi na mbili wa nyumba za reli. Hakikukua, na pia hakikufa. Kuanzia siku hiyo mimi humwita Mama Lakhbir, na kila Ijumaa aliniwekea sahani.

Marehemu mume wake, Gurdial, alikuwa dereva wa mabasi ya safari ndefu. Alinunua gari-nyumba kuukuu, yaani gari kubwa ambalo ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, sinki, tangi la maji na choo kidogo. Alilitengeneza kwa miaka miwili katika ua wa gereji moja Balsall Heath ili wakistaafu wazunguke nchi. Alimaliza kupigilia kabati la mwisho Februari 2016. Mwezi wa nne moyo wake ukasimama.

Wanawe wakasema gari liuzwe. Ungedhani mama wa miaka sitini na mmoja ambaye hajawahi kuendesha kitu kikubwa kuliko gari dogo la kwendea dukani angekubali. Mama Lakhbir hakukubali. Majira yote ya baridi, kila Jumapili asubuhi, alikwenda kwenye ule ua, akapanga kreti za maziwa kwa mistari miwili, akajifunza kurudi nyuma katikati yake. Mwenye gereji aliniambia kwamba wiki za kwanza alizivunja kreti kumi na tisa. Kufikia mwezi wa tatu hakugusa hata moja.

Basi likizo ya mwisho wa Agosti ilipokaribia akanipigia simu. "Brigid, kuja na viatu nzuri. Siku ine."

Tuliondoka Ijumaa. Nilichukua basi namba 50 hadi Balsall Heath na begi langu, nikamkuta ameshapanga unga, dengu, vitunguu na kreti ya maembe. Tulielekea magharibi, mwendo wa kama saa mbili, hadi Shropshire, kwenye vilima vinavyoitwa Long Mynd. Mwisho wa safari barabara ilikuwa nyembamba kama korido ya hospitali, ua wa miti huku na ua wa miti kule. Mbele yetu ikatokea trekta. Mama Lakhbir alitazama kioo cha kulia, kioo cha kushoto, akarudi nyuma hatua kama mia mbili akipinda pale barabara inapopinda, mpaka tukapata upenyo. Mwenye trekta alivua kofia. Mimi nilikuwa nimefumba macho.

Kambi yenyewe ni uwanja wa nyasi chini ya msitu. Hakuna umeme. Kuna bomba moja la maji baridi, na choo cha mbao ambacho badala ya kuvuta maji unamwaga kopo la vumbi la mbao. Magari mengine yalikuwa matatu tu, kila moja mbali na jingine. Mama Lakhbir alitembea akikanyagakanyaga ardhi kutafuta pasipo na tope, akaweka vibao chini ya magurudumu mawili gari likae sawa, akafungua mtungi wa gesi, na kabla sijamaliza kushangaa nilikuwa nimeshika kikombe cha chai.

Ndani ya makabati kuna vipande vya karatasi ambavyo Gurdial alibandika kwa mkono wake, kwa maandishi ya Kipunjabi. Nilimuuliza vinasema nini. Kimoja kinasema sufuria. Kimoja kinasema kamba na misumari. Cha juu ya kitanda kinasema, "Punguza kelele, mimi nimelala." Alinisomea hicho cha mwisho kwa sauti ya kawaida, kisha akaenda kuchota maji ingawa ndoo ilikuwa imejaa.

Jumamosi tulitembea. Mjomba, hili utalikataa, lakini ni kweli: njia ya miguu inapita katikati ya shamba la mtu, karibu na dirisha la jikoni lake, na sheria inakuruhusu kupita. Kuna mshale wa manjano kwenye nguzo. Ukifika kwenye ua unakuta ngazi fupi ya mbao ya kupandia, au lango ambalo ni lazima ulifunge nyuma yako. Tulipita kati ya ng'ombe wa watu, wakatutazama wakicheua, na hakuna aliyetuuliza tunakwenda wapi.

Juu kabisa miti inakwisha na unabaki mwinuko mtupu uliofunikwa vichaka vya maua ya zambarau, vinafika magotini, mpaka jicho lisipoona tena. Upepo unavuma kama ule wa kileleni Vuria. Kuna farasi wadogo wanaoishi wenyewe huko bila kamba. Niliona lundo moja kubwa la kinyesi kando ya njia, la zamani chini na bichi juu, nikakumbuka ulivyonifundisha habari za kifaru dume kurudia kujisaidia mahali pamoja. Nikamwambia Mama Lakhbir kwamba dume lazima yuko karibu. Hatukwenda hatua hamsini tukamwona, mweusi, amesimama na majike wanne. Mama Lakhbir alinigeukia kama mtu aliyenikuta na cheo nilichomficha. "Nani nafundisha wewe?" Nikamwambia habari zako, na akataka azisikie zote, na akazisikia.

Tulichuma pia matunda madogo meusi ya porini, ya mwisho wa msimu, yanayopaka vidole rangi. Aliyachemsha na sukari tukayala kwa chapati zenye samli. Sijala kitu kitamu kama kile mwaka huu.

Jumapili ilinyesha kutwa. Tulikaa ndani, mvua ikipiga paa, naye akanisimulia nyumba za reli za Voi, mama yake akianika pilipili juu ya bati, na tembo aliyekuja kunywa maji kwenye tangi la reli. Mimi nilimwambia kwamba sasa kuna reli mpya. Akauliza kama stesheni ya zamani bado ipo. Nikasema ipo. Akaitikia kwa kichwa na kuendelea kukata vitunguu.

Sasa, Mjomba, nifike kwenye jambo lenyewe.

Jumatatu asubuhi jua lilitoka, na kabla ya kurudi mjini tulitaka kutembea mara ya mwisho kando ya kijito kinachoteremka bondeni. Njia inavuka kijito juu ya mawe. Mimi nilitangulia. Niligeuka kumpa mkono, nikamwona mguu wake ukiteleza juu ya jiwe lililolowa, akaanguka na kuutanguliza mkono wa kulia. Nilisikia mfupa kabla sijaona lolote. Yeye hakulia. Alikaa ndani ya maji akautazama mkono wake na kusema, "Hii nakwisha."

Nilimtoa nikamkalisha kwenye nyasi. Kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda. Niliikunja ramani yetu ya karatasi ngumu, nikauweka mkono juu yake, nikaufunga kwa mtandio wake na kuuninginiza shingoni. Vidole vilikuwa na joto, aliweza kuvichezesha, na alihisi nilipomgusa. Kwa hiyo nilijua hakuna hatari ya ghafla, ila ni lazima afike hospitali siku hiyohiyo. Tuliteremka taratibu, saa nzima na zaidi, kila hatua akivuta pumzi kwa meno. Alikataa nimbebee begi lake.

Mwenye kambi, mama mmoja mkarimu, alijitolea kumpeleka hospitali ya karibu kwa gari lake. Mama Lakhbir alimshukuru akakataa. Aliniambia kwa Kiswahili, yule mama akiwa amesimama palepale haelewi, "Nikiacha gari hapa, Harjinder nakuja kuchukua. Akichukua, nauza wiki hii. Wewe naendesha."

Harjinder ni mwanawe mkubwa.

Hapa inabidi nikuambie kitu ambacho sikuwahi kukuambia wewe wala mama. Januari 2012 nilikuwa na gari dogo. Asubuhi moja, nikitoka zamu ya usiku, niliteleza kwenye barafu na kugonga ukuta. Mwenzangu Charity, aliyekuwa kando yangu, alivunjika mfupa wa bega. Alipona, akanisamehe, akahamia Leeds, na hata mwaka huu amenitumia salamu za Pasaka. Lakini mimi niliuza lile gari na sikushika usukani tena. Mliponiuliza nyumbani kwa nini naishi Ulaya bila gari, nilisema maegesho ni shida. Haikuwa kweli. Niliogopa kumvunja mtu mwingine.

Nilimwambia Mama Lakhbir yote hayo, nimesimama kando ya gari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikaongeza kwamba hata ningetaka, bima haina jina langu.

"Iko," akasema.

"Iko nini?"

"Jina yako. Tangu mwezi wa tatu. Mimi naandika."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikisema, wewe nakataa kuja."

Nilikasirika, Mjomba, sitakuficha. Nilijiona nimetegwa. Kisha nikamtazama, nywele zimelowa, uso umekuwa wa rangi ya majivu kwa maumivu, mkono umefungwa kwenye ramani, na bado anasubiri jibu langu kwa adabu kana kwamba ninaweza kusema hapana. Mimi nilimwona kila wakati kama mtu asiyeogopa kitu. Kumbe miezi mitano iliyopita alikaa mezani akafikiria siku ambayo hataweza, na alipotafuta jina la kuandika, aliandika langu.

Nikapanda upande wa dereva. Injini ilizimika mara mbili langoni. Mara ya tatu gari likaenda.

"Polepole," akasema. "Iko nafasi mingi."

Haikuwepo nafasi nyingi. Matawi yalikwaruza pande zote mbili. Nilikwenda maili mbili kwa gia ya pili nikitoka jasho, na kwenye kona, pale pembamba kabisa, tukakutana uso kwa uso na lori refu la maziwa. Nyuma ya lori magari matatu yalikuwa yamesimama. Haikuwezekana warudi wao.

Nilimwambia siwezi. Nilisema kwa sauti, mara mbili. Sikulia, lakini nilikuwa karibu.

Mama Lakhbir hakunihimiza. Alishusha kioo chake kwa mkono wa kushoto, akatoa kichwa nje na kutazama nyuma. "Brigid, mimi ni jicho ya kushoto. Wewe angalia kulia tu. Kulia peke yake. Mambo ya kushoto sio kazi yako."

Basi nikaangalia kulia tu. Yeye akaita: kuja, kuja, kidogo, simama, sasa kata. Nikakata usukani. Kuja. Simama. Gurudumu la nyuma lilipanda ukingo likashuka, vyombo vikagongana kabatini, nikataka kuacha, akaita tena kuja kwa sauti ileile isiyo na haraka. Sijui ilichukua muda gani. Ninachokumbuka ni kwamba ghafla ua wa miti ulikoma upande wangu, nikaona lango la shamba lililo wazi, nikaliingiza gari humo kwa kinyume, taratibu, na lile lori likatupita. Dereva wake alituinulia mkono wote. Wa magari matatu yaliyofuata pia.

Nilizima injini nikaweka kichwa kwenye usukani. Mama Lakhbir alinishika bega kwa mkono wake mzima. "Mimi navunja kreti kumi na tisa," akasema. "Wewe hata moja."

Tulicheka mpaka mkono wake ukamuuma.

Kutoka hapo hadi Birmingham niliendesha saa mbili na nusu. Hospitalini walimpiga picha, wakasema mfupa umevunjika mahali pawili, wakamwekea plasta ya wiki sita. Sasa anaendelea vizuri na anamlaumu kila mtu anayempikia.

Harjinder alikuja siku iliyofuata kutoka Coventry. Nilikuwepo, nimepeleka supu. Ni kijana mzuri na anampenda mama yake, lakini aliingia amekunja uso, akasema kwa Kiingereza kwamba sasa imetosha na gari linauzwa. Mama yake alimjibu maneno machache ya Kipunjabi. Yule kijana akageuka akanitazama mimi. Nikamuuliza Mama Lakhbir amesema nini.

"Nimesema, dereva yangu iko hapa, uliza yeye."

Harjinder aliniuliza kama ni kweli nilirudi nyuma kwenye ile barabara. Nikasema ni kweli. Aliuzungusha ufunguo wa gari lake kidoleni. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama klachi bado ni nzito kama ilivyokuwa siku za baba yake. Nikamwambia ni nzito sana, mguu unaniuma hadi leo. Akavuta kiti akakaa. Tulikula supu sote watatu, na habari ya kuuza haikutajwa tena siku ile.

Gari likikaa bila kuwashwa betri hufa, kwa hiyo nimepewa kazi ya kwenda kuliwasha kila wiki. Jana nilikwenda Balsall Heath peke yangu. Niliwasha, nikakaa, nikasikiliza injini. Dakika kumi zilitosha kwa betri. Lakini mwenye gereji alikuwa ameacha lango wazi, na nje kulikuwa na jua. Nikafunga mkanda, nikatazama kulia, kisha kushoto, nikatoka. Nilifika hadi mwisho wa Moseley Road, nikageuza, nikarudi. Hakuna aliyekuwa kando yangu, na hakuna aliyenituma. Nililiegesha kwa kinyume, nikitazama vioo vyote viwili.

Nisalimie Shangazi Wawuda, umwambie nimeanza kupika dengu anazoweza kuzitambua. Msalimie Mwadime na mkewe, Mkamburi na mitihani yake, na mama yangu ukimwona kanisani. Mwambie wewe habari ya Charity, polepole, kwa sababu kwako ataipokea vizuri zaidi. Mama Lakhbir naye anakusalimu sana. Ameniambia niandike hivi hivi: "Mimi nasalimia baba ya kifaru."

Mungu akulinde, Mjomba, akupe usingizi mtamu na goti lisilouma, na akuongezee miaka tuzidi kuandikiana.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye daima,

Brigid Wakesho.